"Mtandao Unasumbua" Si Jibu

Haya wandugu, leo hakuna habari za bumu wala za foleni ya kafteria. Nimetoka chuo, niko Bugwema huku Musoma Vijijini kwa ajili ya fildi, na tangu nishuke kwenye gari kuna sentensi moja nimeisikia karibu mara nyingi kama "shikamoo mwalimu". Sentensi yenyewe ni hii: mtandao unasumbua.

Wakala hana salio la kukutolea pesa? Mtandao unasumbua. Fomu haijajazwa? Mtandao unasumbua. Barua pepe haijajibiwa wiki mbili? Unasumbua. Na ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza unasumbua wapi, tangu saa ngapi, kwa kila mtu au kwako tu, na nani anatakiwa kuurekebisha. Ni sawa na mtu aende zahanati aseme "naumwa", mganga amjibu "pole sana, jaribu tena kesho". Nani angekubali?

Mimi nasema tuache. Na nina ugonjwa mmoja mahususi ambao huku unajificha nyuma ya sentensi hiyo kila siku, hasa kwenye ruta za nyumbani. Dalili zake nyingi mnazijua. Taa za ruta zinawaka zote. Vijiti vya mawimbi vimejaa. Bando lipo. Meseji za WhatsApp zinaingia kama kawaida, pengine hata ule muziki uliokuwa unasikiliza unaendelea. Lakini ukifungua tovuti mpya, kinazunguka, kinazunguka, halafu kinakuambia tovuti haikupatikana, na chini yake kwa herufi ndogo kuna kitu kinachoanza na DNS_PROBE. Unazima ruta, unahesabu hadi kumi, unawasha. Inakubali! Unashukuru Mungu. Baada ya nusu saa, yale yale.

Hiyo si laini mbovu, na wala ruta haijafa. Mara nyingi hiyo ni DNS.

Kabla sijaendelea, kwa nini mwalimu wa Kiswahili na Historia ahangaike na mambo haya? Kwa sababu huku mambo yenyewe yameshahamia mtandaoni, tupende tusipende. Mtumishi akitaka uhamisho au kuona taarifa zake anaingia ESS. Zile fomu za OPRAS za makaratasi zimekwenda, sasa kuna PEPMIS, na mwalimu anajaza kazi zake humo. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akitaka mkopo wa elimu ya juu, maombi ni mtandaoni na yana tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo haijui kama ruta yenu imegoma. Nimeona mwalimu mtu mzima anapanda bodaboda asubuhi kwenda Musoma mjini, kwenye steshenari, kulipia mtu amfungulie ukurasa ambao ungefunguka sebuleni kwake. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, hela ya steshenari, na siku nzima ya vipindi imepotea. Na neno lake la siri kaliacha kwenye kompyuta ya watu. Hayo ndiyo yanayoniudhi.

Sasa DNS ni mnyama gani? Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Wewe unaandika ess.utumishi.go.tz, lakini ili kompyuta yako ifike huko inahitaji anwani ya namba. DNS ndiyo inayobadili jina kuwa namba. Zamani sana, enzi za ARPANET huko Marekani, majina yote yalikuwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi ya SRI kule California, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Kompyuta zilipozidi kuongezeka faili likashindwa kazi, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa kugawa daftari hilo kwa ngazi. Mpango huo ndio tunaoutumia mpaka leo.

Ngazi zenyewe Mtanzania hahitaji kufundishwa, anaziishi. Tuseme mgeni anamtafuta mtu Masinono. Haanzi kugonga mlango kwa mlango Tanzania nzima. Anauliza mkoa wa Mara uko wapi, akifika anauliza Musoma Vijijini, huko anaelekezwa kata ya Bugwema, halafu kijiji cha Masinono, halafu kitongoji, na mwisho mjumbe anamwonyesha nyumba. Jina la tovuti linasomwa hivyo hivyo, ila kutoka kulia kwenda kushoto. Kwanza wanaulizwa wale wa juu kabisa, seva za mzizi, ambazo zina majina 13 kuanzia A hadi M na nakala zake zimetawanywa duniani: ".tz yuko wapi?" Wa .tz anaulizwa kuhusu .go.tz, wa huko anaulizwa kuhusu utumishi, na huyo ndiye anayeitaja ess. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Ila simu yako haizunguki yenyewe ngazi zote hizo. Inamtuma mtu mmoja tu, seva ya kutafutia majina, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayokuuzia intaneti. Na mara nyingi hata huyo haulizwi moja kwa moja: simu inaiuliza ruta, ruta ndiyo inampelekea swali. Majibu yanahifadhiwa kwa muda ili lisiulizwe lile lile kila dakika. Hapo ndipo utaona kwa nini WhatsApp inaendelea wakati tovuti zimegoma. Programu ambayo muunganisho wake uko wazi tayari, au anwani inayo mkononi, haina haja ya kumuuliza mjumbe. Mwenye shida ni mgeni anayefika leo, maana mjumbe hapokei simu.

Na ndiyo maana zima-washa inatudanganya. Ruta nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo. Jioni watu wote wako nyumbani, kila ukurasa mmoja wa habari unauliza majina kadhaa (ya picha, ya matangazo, ya mambo ambayo hata hukuyaomba), simu saba zinauliza kwa pamoja, na ile sehemu ya ruta inayopokea maswali inalemewa au inaganda. Ukizima unaifuta ubongo, inaanza upya. Umetibu homa, malaria umeiacha.

Sasa nyumba ninakofikia. Mwenyeji wangu ni mwalimu wa siku nyingi, ana ruta ya laini ya 4G sebuleni, na majirani nao wanajibanza ukutani (si unajua tena). Kila ikifika saa moja usiku, mambo yanaharibika. Alipopiga huduma kwa wateja aliambiwa azime na kuwasha. Alipokwenda dukani mjini aliambiwa hiyo ruta imechoka, anunue kubwa zaidi. Alikuwa ameshaanza kutenga hela.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe si msomi wa chuo, hebu angalia kabla sijaitoa hii hela."

Nikamwambia, "Mwalimu, tusiinunue kwanza. Tuiulize maswali matatu."

Tukafungua kompyuta yake, tukaingia kwenye lile dirisha jeusi la Windows (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia). Swali la kwanza: ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba, si jina, kwa hiyo mjumbe hahusiki. Majibu yakarudi manne kati ya manne. Maana yake barabara ni nzima, kuanzia sebuleni mpaka nje. Swali la pili: nslookup ess.utumishi.go.tz. Hapa tunaiuliza ruta itutafutie jina. Ikakaa kimya mpaka muda ukaisha. Swali la tatu: nslookup ess.utumishi.go.tz 1.1.1.1, yaani jina lile lile lakini tumemruka mjumbe wetu na kumuuliza mwingine. Namba ikaja papo hapo.

Mzee alicheka. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Angalieni msikosee hapa: msitumie ping kwenye jina la tovuti ya serikali mkaona haijibu mkasema imekufa. Seva nyingi zimepangwa zisijibu ping, ni ulinzi tu. Ndiyo maana jina tunalitafuta kwa nslookup. Na kama hata swali la kwanza halijibu, basi DNS msiisingizie. Hapo angalieni laini, bando, mnara.

Dawa. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani ya ukurasa wake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Unaiandika kwenye kivinjari, unaingia, unatafuta sehemu ya DHCP, na humo kuna nafasi mbili za DNS. Ya kwanza weka 1.1.1.1 ya Cloudflare, ya pili 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9. Hifadhi. Halafu, na hapa wengi ndipo wanaposema "mbona haikusaidia", zima waifai ya kila simu na kompyuta kisha uiwashe, maana vifaa bado vimeshika maelekezo ya zamani. Kwenye Windows malizia na ipconfig /flushdns ili majibu yaliyohifadhiwa yafutike. Kama ruta yako haina kabisa sehemu hiyo, na zipo za hivyo nyingi tu, badilisha kwenye kifaa chenyewe. Simu za Android kuanzia toleo la 9 lililotoka 2018 zina mpangilio wa DNS ya faragha. Humo namba hazikubaliki, unaandika jina, kwa mfano dns.google.

Kwa mwenyeji wangu tuliweka, na saa moja usiku ikapita kimya. Hela ya ruta kubwa iko pale pale.

Kwa nini namba mbili za kampuni mbili tofauti? Kwa sababu na hao wakubwa huanguka. Tarehe 14 Julai 2025 hiyo hiyo 1.1.1.1 ilipotea karibu saa nzima duniani, kwa kosa la mipangilio ya Cloudflare wenyewe. Aliyeweka hiyo peke yake alikaa gizani. Tena tusiwe watoto: unapomuuliza mtu wa nje kila jina unalotaka kufungua, unampa orodha ya unakopita. Kampuni yako ya intaneti nayo ilikuwa na orodha hiyo hiyo, kwa hiyo unachagua tu nani ajue. Mimi nimechagua, wewe chagua chako.

Wengine wananiuliza kama hii si VPN, maana tangu TCRA itoe tangazo la kusajili VPN Oktoba 2023 watu wana woga. Si VPN. VPN inapitisha safari yako yote kwenye mfereji mwingine. Kubadili DNS ni kubadili unayemuuliza njia tu, safari unakwenda mwenyewe kwa barabara ile ile.

Na si dawa ya kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ikayumba, na hakuna namba ya DNS ambayo ingeunganisha waya chini ya bahari. Siku za uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa, vile vile. Na tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipopotea kwa takriban saa sita, watu wakalaani bando zao bure. Wahandisi wa Facebook walikuwa wanafanya matengenezo, kosa likaondoa njia za kufikia seva zao wenyewe za DNS, na dunia nzima ikawa haijui Facebook inakaa wapi. Mambo manne tofauti, sababu tofauti, wenye kuwajibika tofauti, na kwetu yote yakaitwa kwa jina moja.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye ugomvi wangu. Sentensi hiyo moja inamfaa nani? Inamfaa kila anayepaswa kuwajibika. Kampuni ikisikia "mtandao unasumbua" inajibu "tunashughulikia". Lakini mteja akipiga simu akasema: namba zinajibu, majina hayajibu, seva yenu ya majina imekufa tangu saa moja, ya wenzenu inajibu, hapo wa upande wa pili hawezi kusema zima uwashe. Itabidi ampeleke kwa anayejua. Kampuni zinatutumia meseji za promosheni kutwa mara tano kwa Kiswahili safi kabisa. Zishindwe nini kutuma moja inayosema "kuna hitilafu kwenye utafutaji wa majina Kanda ya Ziwa, itakuwa sawa saa tatu"? Mteja wa Bugwema angeelewa. Anaelewa habari za pampu na mifereji ya umwagiliaji, atashindwa hii?

Ugomvi wa pili ni na mafundi. Fundi anakuja kukufungia ruta, anabadilisha neno la siri la ule ukurasa wa ndani, anaondoka nalo. Ukitaka kurekebisha kitu chochote umwite, umlipe. Wengine hawalibadilishi kabisa, wanaliacha admin na admin, kila mtoto wa jirani anaingia. Zote mbili mbaya. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko mnavyodhani, maana anayeweza kubadili DNS yako anaweza kukupeleka benki ya uongo ukadhani ni ya kweli. Novemba 2011 FBI walitangaza kukamata kundi la Waestonia lililokuwa limeambukiza kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 na programu ya DNSChanger, iliyofanya hasa hilo, na ilibadili hata ruta zenye maneno ya siri ya kiwandani. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa ruta ukakuta namba za DNS ambazo hazijulikani ni za nani, usipuuze. Na fundi akimaliza kazi, mwambie akuandikie neno la siri kwenye karatasi mbele yako. Ruta umenunua wewe.

Ugomvi wa tatu ni na sisi wa ualimu wenyewe. Chuo tuna somo la TEHAMA. Tumelidesa, tumelifanyia mtihani, tumefaulu. Tunajua kutaja sehemu za kompyuta na kutengeneza slaidi zenye maua. Hakuna aliyetuuliza utafanya nini siku ukurasa wa kujaza taarifa za wanafunzi umegoma na vijiti vya mawimbi vimejaa. Na mnajua shuleni inakuwaje: mwalimu kijana akiripoti tu, hata awe wa Historia, anakabidhiwa kompyuta ya ofisi. "Nyie ndio wa kizazi hiki." Sasa wa kizazi hiki akijibu naye "mtandao unasumbua", shule imepata nini? Yale maswali matatu yanafundishika kwa kipindi kimoja cha dakika 40, kwa Kiswahili, kidato cha pili wanaelewa. Nimejaribu na wanafunzi watano baada ya vipindi. Wa kwanza kuelewa alikuwa binti ambaye kwenye mazoezi ya kompyuta huwa hata hakai karibu na kibodi, kwa sababu mfano wa mjumbe ulimgusa: baba yake ndiye mjumbe.

Jambo la mwisho dogo, kwa wale wanaotumia kompyuta za zamani huku ambako umeme unakatika. Kama tovuti zote zinakataa na kulalamika kuhusu usalama, usikimbilie DNS. Angalia kwanza saa na tarehe pale kona ya chini. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika kompyuta inarudi kuamini ni mwaka 2009, na tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao kwa hesabu zake bado havijaanza kazi. Ile ya ofisini hapa ndivyo ilivyo. Betri yenyewe ni kama kishikizo cha koti, imeandikwa CR2032, mafundi saa wa Musoma mjini wanayo. Nimeagiza mbili kwa kondakta wa gari la asubuhi.